Kadi Imekataa

Nilikuwa njiani siku tatu: treni hadi Tabora, kungoja, kisha treni ya Mpanda iliyosimama penye watu na hata pasipo watu. Muda wote nilipakata laptop niliyoifunga kwa taulo. Abiria mwenzangu aliniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kozi fupi ya kompyuta, na kiherehere cha kwenda popote. Ofisi iliyoniajiri mjini Mpanda ilihudumia wakimbizi. Ilikuwa na simu ya setilaiti ya kubeba, kubwa kama mkoba wa mwalimu, nami nilitakiwa kuiunganisha na laptop ili tuwasiliane na kambi za Kigoma. Kiungo chake kilikuwa kadi, kibati chembamba cha kuchomeka ubavuni mwa laptop.

Kadi ya kwanza iliingia, laptop ikasema haiijui. Ya pili ilichukua wiki tano kufika. Ilikuwa na utepe wa rangi ya dhahabu ukingoni, imetengenezewa laptop mpya kuliko yangu. Niliipuliza, nikaigeuza, nikaisukuma hadi kidole gumba kikauma. Haikuingia.

Aliyengoja kuliko mimi alikuwa mama mmoja wa Katumba, makazi ya wakimbizi jirani na mji. Alipokimbia Burundi miaka ya sabini, mkono wa mdogo wake ulimponyoka njiani. Sasa alisikia mdogo wake yuko kambi mojawapo ya Kigoma. Barua zake mbili hazikujibiwa. Kila Jumanne, akishauza maharage sokoni, alipita ofisini.

"Mama, mashine ya huyu inakula kadi tu, na haishibi," mlinzi alimtania.

"Mwache mwanangu. Nyie mnaokaa getini mmemfikisha nani?"

Jumanne iliyofuata baada ya kadi ya pili kugoma, aliniuliza, "Imekuwaje, mwanangu?"

Sikuinua kichwa. "Kadi imekataa, mama."

"Imekataa?"

"Kabisa. Si ya hapa. Lazima irudishwe ilikotoka."

Alifungua fundo la kitenge, akatazama ndani, akalifunga tena. Nilidhani anatafuta ugoro.

"Lini?"

"Ijumaa, kwa treni."

"Haya. Asante kwa kuniambia."

Hakuja tena. Kadi ya tatu ilifika, ikakubali. Nilituma jina la mdogo wake, na baada ya siku chache jibu likaja: yupo, ana watoto wawili, anauliza kama dada bado ana kovu la moto mkononi. Niliazima baiskeli, nikaipeleka karatasi Katumba mwenyewe.

Mlango ulikuwa umeegemezwa mti kwa nje.

"Aliondoka," jirani alisema. "Mlimwambia kadi yake imekataa, anarudishwa Burundi kwa treni ya Ijumaa. Akasema wasimkute."

"Ameelekea wapi?"

"Mtu anayekimbia anaaga?"

Katumba kadi ilikuwa moja tu, ile ya mkimbizi. Nilikuwa nimeishi miezi saba jirani nao bila kulijua hilo.

Nilimuulizia kijiji cha Kasokola, nikafika hadi soko la Kibaoni. Hakuna aliyemwona. Laptop sasa ilifanya kazi vizuri mno. Kila wiki ilileta swali lile lile la mdogo wake. Nilijibu "bado" mara mbili. Mara ya tatu niliifunga bila kujibu, nikaandika barua ya kuacha kazi.

Siku niliyoondoka, treni ilisimama Katumba. Akina mama walipita chini ya madirisha wakiuza mahindi ya kuchemsha. Nilitoa kichwa nje, nikatazama mikono yao mmoja mmoja, nikitafuta kovu, mpaka treni ikaondoka.