Mama Chokaa na kona inayotuamisha maji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Alhamisi. Mama Chokaa anavua viatu vyake vya mpira, anaviacha kando ya nguzo ya goli na kuingia uwanjani miguu mitupu. Anatembea polepole, kichwa amekiinamisha kama mtu aliyeangusha pete. Kila baada ya hatua chache anasimama, anakandamiza nyasi kwa wayo, anasubiri, kisha anasogea.

Anapofika kona ya mashariki hana haja ya kukandamiza tena. Maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu.

Nje ya ua wa waya, watu wasiopungua mia tatu wanamtazama. Wengine wamejifunga bendera mabegani, wengine wamekalia ndoo walizozipindua. Wamekuja kuwahi tiketi za mwisho za mechi ya raga ya Jumamosi, kati ya timu ya taifa na majirani zao wa ng'ambo ya mpaka. Uwanja huu haujapata mechi ya aina hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na tangu Jumatatu foleni hii imekuwa ikiimba mchana kutwa. Leo imenyamaza. Mtu mmoja anapaza sauti kumuuliza mama kama uwanja utafaa.

Mama Chokaa hageuki. Si kiburi. Baadaye ataeleza kwamba aliogopa watu wangeyaona macho yake.

Mvua ilianza Jumatano saa nane mchana, ikamwagika bila kupumua hadi alfajiri. Mkaguzi wa viwanja alikuwa ameshampigia simu meneja: atafika Ijumaa, na ikifika saa sita mchana bado kuna maji yaliyotuama, mechi inahamishiwa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari. Meneja naye alimwambia Mama Chokaa waziwazi kwamba mechi ikiondoka, kazi ya uwanja itapewa kampuni ya bustani yenye mashine zake na watu wake.

Jina lake halisi halijulikani na wengi wa wanaokaa majukwaani. La Mama Chokaa alipewa siku ya kwanza aliyopiga mistari, miaka mitatu iliyopita, upepo ulipomgeuzia unga wa chokaa akatoka uwanjani mweupe kuanzia nywele hadi kucha. Shabiki mmoja akamwita hivyo, uwanja mzima ukacheka, na jina likaganda. Ana umri wa miaka arobaini na tisa. Kabla ya hapo alikuwa mfagiaji wa majukwaa hayohayo.

Kazi ya nyasi ilikuwa ya mumewe. Aliifanya miaka kumi na tisa, mpaka asubuhi moja alipoinama kufunga kamba za viatu akashindwa kuinuka. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na sehemu kubwa ya maneno. Meneja alimwomba mkewe ashike nafasi "wiki mbili tatu" wakati mzee akipata nafuu. Wiki hizo hazijaisha. Analipwa kama kibarua, nusu ya alichokuwa akipata mumewe kwa kazi ileile, na siku asiyokwenda haina ujira.

Lakini kona ya mashariki ina kisa chake, na wazee wa foleni wanakijua vizuri. Miaka kumi na mmoja iliyopita, timu hizihizi mbili zilikutana hapa. Wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi moja, dakika zimekwisha, wakapewa penalti karibu na kona hiyo. Mpigaji alirudi nyuma hatua tano, akakimbia, na mguu wake wa kuegemea ukateleza kwenye tope. Mpira ukapita chinichini ukagonga ubao wa matangazo.

Mpigaji alilia, watu wakamhurumia. Hasira ikatafuta mahali pengine, ikampata mtunza uwanja. Alirushiwa chupa akitoka. Kesho yake ukuta wa lango ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu, "Mzee wa Matope." Mkewe anakumbuka kwamba mumewe aliufuta mwenyewe, peke yake, kwa chokaa ya kupigia mistari.

"Alikuwa ameomba mara mbili lile bomba la chini la kutolea maji lifukuliwe," anasema. "Akaambiwa asubiri bajeti. Hakuwahi kumweleza mtu. Hata mimi nilikuja kujua baadaye."

Alhamisi ile asubuhi, baada ya kuona maji, alivaa viatu vyake na kukimbilia nyumbani, umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Wanaishi vyumba viwili, na mlango wa mbele umetanuliwa ili kiti cha magurudumu kipite. Alimkuta wifi yake akimlisha mumewe uji. Wifi huyo, shabiki kufa na kupona, alikuwa tayari amejipaka kucha rangi nyekundu ya timu, siku mbili kabla ya wakati. Alimwambia kwamba kaka yake hakufumba jicho. Alikuwa akisikiliza mvua.

Mume alimtazama mkewe, akaitazama miguu yake yenye tope, akasema neno moja: "Bomba."

Mkewe akamwambia ndilo alilolifuata. Alitaka kujua lilipo.

Sasa ikawa kazi. Maneno ya mzee huja moja moja, na mengine hukosea njia; anaweza kutaka maji akasema taa. Nesi anayemfanyisha mazoezi aliikataza familia kummalizia sentensi. Ukimmalizia, aliwaambia, ulimi wake unazoea kulala.

"Nilikuwa na haraka ya kufa mtu," Mama Chokaa anasimulia. "Akasema 'kumi na', akakwama. Wifi yangu akafungua mdomo kumsaidia, nikamshika mkono. Tukangoja. Uji ukapoa. Mwisho akasema 'saba'."

Kumi na saba. Hatua kumi na saba kutoka kwenye kibendera cha kona. Kuelekea wapi? Mzee akainua mkono wa kushoto, akatafuta neno, akalipata: mti. Mvinje uliokuwa nje ya ua ulishakatwa, lakini kisiki bado kipo. Mkewe alikuwa ameshavuka mlango aliposikia anagongagonga kiti. Akarudi. Mzee alikuwa akitokwa jasho.

"Hatua," alisema. "Zangu."

Mumewe ni mtu mrefu, kichwa chake kilikuwa kikigusa fremu ya mlango alipokuwa bado anasimama. Mama Chokaa humfika kifuani. Hatua zake kumi na saba zingemwacha mbali na bomba, na uwanja wa mechi ya kimataifa si shamba la kuchimbachimba ovyo.

Alirudi uwanjani akapita mbele ya foleni akiwatazama watu miguu. Wengine walidhani anawakagua viatu. Akasimama mbele ya dereva wa lori, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu kama nguzo ya umeme, aliyekuwa ameegesha gari lake ng'ambo ya barabara tangu Jumanne na kulala ndani ya kibanda cha usukani ili asikose tiketi. Akamwomba aingie ampimie hatua.

Meneja hakutaka shabiki akanyage nyasi. Wakabishana mbele ya watu, kwa sauti ya chini. Mama Chokaa anasema alimwuliza bosi wake swali moja tu: kama uwanja haufai kuchezewa, anaulinda wa nini. Lango likafunguliwa.

Dereva alivua viatu kama alivyoagizwa, akaweka kisigino kwenye shina la kibendera, akakiangalia kisiki na kuanza kutembea huku foleni nzima ikihesabu kwa kunong'ona. Kwenye kumi na saba Mama Chokaa akachomeka kijiti. Akakata nyasi za pale kwa uangalifu, bamba moja baada ya jingine, akayapanga pembeni kama mikeka ili ayarudishe. Kisha wakachimba, yeye na dereva, wakipokezana koleo.

Kina cha kiwiko hapakuwa na kitu. Kina cha bega likatokea bomba la udongo, jeusi, lenye ufa kwenye maungio. Mizizi ya mvinje, mti uliokatwa miaka mitano iliyopita, ilikuwa imeingia kwenye ufa na kujisokota ndani kama nywele zilizosukwa. Mama Chokaa alilala kifudifudi kwenye tope, akaingiza mkono hadi begani na kuvuta. Kilichotoka kilikuwa kirefu kama mguu wa mtu.

Maji yakatulia kidogo. Halafu majani yaliyokuwa yakielea yakaanza kuzunguka. Bomba likakoroma.

Hakuna aliyeshangilia, watu walikuwa wanasikiliza. Baada ya muda mtu mmoja kwenye ua alisema kwa mshangao mdogo kwamba maji yanakwenda, na hapo ndipo wimbo wa kwanza wa siku ile ulipoanza.

Bomba liliondoa dimbwi, lakini udongo ulikuwa umelewa. Ulitakiwa kunyonywa. Dereva ndiye aliyekwenda kwenye lori lake akarudi na godoro la sponji analolalia, akaomba kisu. Likakatwa vipande ishirini. Meneja akaruhusu watu arobaini, miguu mitupu, waingie kwa mistari na kukanda nyasi wakipokezana vipande hivyo, wakikamulia kwenye ndoo.

Mchana yalifika mabasi mawili ya mashabiki wa majirani, wamevaa bluu tupu. Walipoelezwa kinachoendelea, mwanamke mmoja wa makamo, ambaye ni nesi huko kwao, alikunja suruali na kuchukua sponji. Wenyeji wakamtania kwamba anajichimbia kaburi. "Tumekuja kuwafunga," akawajibu bila kuinua kichwa. "Hatukuja kuogelea."

Wakati wa kupumzika, wamekaa ukingoni wakinywa maji, dereva alimgeukia Mama Chokaa. Alimwambia kwamba ile siku ya miaka kumi na mmoja iliyopita naye alikuwepo. Alirusha chupa. Hakumbuki kama ilimpata mtu. Alisema amekuwa akijiambia kuwa haikumpata.

Mama Chokaa anakiri kwamba kwa dakika moja alitamani kumfukuza. Alikuwa na sponji mkononi, akaendelea kuikamua ingawa ilishakauka.

"Nikamwambia, mimi usiniambie," anasimulia. "Kamwambie mwenyewe. Ulimi wake ndio mzito, masikio ni mazima."

Akamwelekeza nyumba.

Ijumaa jua lilitoka kali. Mkaguzi alifika saa tano na dakika arobaini, mtu mkimya mwenye fimbo ya chuma. Aliichomeka katikati ya uwanja, akaichomeka kwenye mistari ya mita ishirini na mbili ya pande zote mbili, kisha akaenda moja kwa moja kona ya mashariki. Naye alikuwa anakijua kisa. Akachomeka mara nne. Akakanyaga kwa kisigino, akaruka kidogo. 

Aliuliza nani alijua bomba lilipopita, kwa sababu halimo kwenye ramani yoyote aliyowahi kuonyeshwa. Mama Chokaa akamtajia mumewe. Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akatia saini na kumpa meneja mkono. Kelele zilizofuata, wekundu na bluu pamoja, zilisikika hadi sokoni.

Yeye hakubaki kusherehekea. Mistari ilikuwa haijapigwa, na chokaa haikai kwenye nyasi zisizokauka vizuri. Alikuwa bado anasukuma kitoroli chake alasiri wakati dereva alipokwenda kubisha hodi kwenye ule mlango uliotanuliwa. Wifi ndiye aliyesimulia kilichotokea, na kwa kuwa alifukuzwa kwenda kuchemsha chai, hakusikia sana. Anachojua ni kwamba mgeni alikaa karibu saa nzima, hakumharakisha mzee hata neno moja, na kuna mahali wote wawili walicheka. Mama Chokaa hajamwuliza mumewe walicheka nini.

"Yakitoka yatatoka," anasema. "Mengine si yangu."

Meneja amemwambia kwamba Jumatatu atapeleka jina lake kwenye kamati ili aajiriwe rasmi. Anaisimulia habari hiyo bila uchungu na bila shangwe. Ameshaahidiwa Jumatatu nyingi. Safari hii, hata hivyo, ana jambo mkononi. Chini ya uwanja huu kuna mabomba tisa, na yote yako kichwani mwa mtu mmoja tu. Amenunua daftari la hesabu, lile lenye miraba. Kila jioni baada ya chakula, mumewe atamtajia bomba moja, kwa hatua zake, polepole, na yeye atachora. Nesi amesema hakuna zoezi la ulimi linaloshinda hilo. Jana jioni walimaliza la kwanza.

Kesho saa kumi jioni, mzee atakanyaga, au tuseme atasukumwa, uwanjani kwa mara ya kwanza tangu augue. Dereva na wenzake watatu wamejitolea kukibeba kiti chake kwenye ngazi. Wamemwekea nafasi mstari wa mbele, upande wa mashariki, na kando yake pana kiti cha mkewe, ambaye kwa miaka mitatu ametazama kila mechi akiwa amesimama nyuma ya banda la vifaa na reki mkononi.

Anapoulizwa anaiombea timu gani, Mama Chokaa anatazama kwanza kama wifi yake yuko karibu.

"Mimi naomba trai iwekwe kwenye kona ile," anasema. "Mtu aje mbio kabisa, ajitupe pale na mpira, anyanyuke mzima. Nitashangilia, hata akiwa wa bluu."