Lita Sitini

Kwa miaka thelathini Saquina aliosha maiti za wanawake, na hakuwahi kuzidisha maji wala kuyapunguza. Ndoo tatu za lita ishirini: moja ya majani ya mkunazi, moja ya maji matupu, moja ya kafuri. Marehemu awe mnene au mwembamba, kwake ilikuwa lita sitini, na aliyembishia alifukuzwa uani bila kuonewa haya.

Walipohamishwa Afungi kupisha mitambo ya gesi, kisima chake kilibaki ndani ya uzio. Katika kijiji kipya alipewa bomba uani, lenye mita ya kuhesabu maji. Waoshaji wenzake walikwenda zao Mute na Quionga, akabaki peke yake. Mkamwana wake, Hafsa, alikuwa mwoga wa maiti. Kila akiambiwa aje ajifunze, alijibu, "Mwakani, mama."

Asubuhi moja, bomba likiwa limefungwa, Saquina aliona tarakimu za mita zikitembea. Zilikwenda lita sitini kamili, zikatulia. Hakuna hata tone lililodondoka. Adhuhuri akaitwa kumwosha Cadija, jirani wa nyumba ya tatu. Mwezi uliofuata zikatembea tena, sitini, na alasiri yake akaitwa kuosha maiti kwa kina Sumaia. Saquina aliogopa, tena sana, akaacha hata kunawa pale bombani.

Zacarias, fundi aliyekuja kusoma mita, alipoelezwa alitabasamu.

"Ni hewa hiyo, mama. Ikipita kwenye bomba, kontadori inaihesabu kama maji. Yenyewe haijui kinachopita ni kitu gani."

"Basi tuko wawili," alisema Saquina.

Siku kumi baadaye alikuwa akianika mihogo, tarakimu zikaanza. Alisimama akazihesabu mpaka sitini. Kisha akajifunga kanga, akakaa mlangoni kusubiri kuitwa. Adhuhuri ikapita. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza hali. Wanawake wote wazima, wanatwanga, wanapika. Alasiri nayo ikapita. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini hakuna aliyekuja kumwita.

Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kulazwa maiti asiwepo mwanamke wa kumwosha.

Alijaza ndoo tatu, akatoa kitanda cha kamba, akamwita Hafsa.

Hafsa aliziona ndoo, akasita. "Nani amefariki, mama?"

Saquina alijinyoosha kitandani, akafumba macho.

"Anzia upande wa kulia," alisema. "Na usizidishe maji."