Kuzima Njiti Moja

Miaka ya Ujamaa, nilipokuwa bwana shamba katika milima ya Mlola, nilisifika kwa hekima. Sifa yenyewe ilitokana na ugonjwa wa moyo, lakini waliokuwa wakinisifu hawakulijua hilo, nami kwa muda mrefu sikulijua. Nilipoanza kushuku, sikuona haraka ya kuwasahihisha.

Kazi yangu ilikuwa kupanda na kushuka. Kule nyumba zimeshikilia migongo ya milima, na shamba la viazi la kijiji lilikuwa juu kuliko nyumba zote, kwa sababu ambazo kamati ya kijiji ilizijua yenyewe. Nikipanda kidogo tu pumzi inakatika. Sasa mtu mzima, mtumishi wa serikali, kofia kichwani, hawezi kusimama katikati ya njia akihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Akisimama lazima awe na sababu. Nasi Wasambaa hatujawahi kukosa sababu ya kusimama njiani, maana tuna salamu. Nilimwamkia kila mzee niliyemkuta. Nilimuuliza alivyoamka, na nyumbani walivyoamka, na mbuzi, na yule ndama aliyekuwa anaharisha, na maharage ya bondeni. Yeye anajibu, mimi napumua. Akimaliza habari za maharage nimeshapata pumzi ya kunifikisha kwa jirani yake. Kama bado, nilimgeukia mjukuu wake nikaanza upya. Wazee wakaambiana kwamba safari hii serikali imewaletea kijana mwenye adabu.

Halafu kulikuwa na maneno yangu. Sikuweza kumaliza sentensi ndefu bila kukatika katikati. Nilisema, "Wazee wangu," nikanyamaza. "Jambo hili," nikanyamaza tena, nikavuta kiko ili kimya kisionekane kitupu. Watu wakaona napima maneno. Hapo ndipo nilipojiponza, kwa sababu kwetu anayepima maneno ndiye anayetafutwa kuwa mshenga. Nikatumwa kuposa huku na kule, na kila posa ina mlima wake. Siku moja huko Gare baba wa binti alitaja mbuzi wa mahari. Nilitaka kusema ni wengi mno, lakini nyumba yake ilikuwa juu kabisa, na pumzi yangu ilikuwa bado iko njiani inanifuata. Nikamtazama tu. Akapunguza mbuzi mmoja. Nikaendelea kumtazama, akapunguza mwingine. Nilirudi nikiwa shujaa.

Mwisho wa ushujaa ulikuwa palepale kwenye shamba la viazi. Nilikohoa mbele ya watu, na nilipofunua leso niliona damu. Nilijua ni nini, au nilidhani najua. Ujanani niliugua kifua kikuu, nikatibiwa nikapona, ila pafu la kulia likabaki na makovu. Nikafikiri ugonjwa umerudi. Nikaenda hospitali ya wilaya, Lushoto, nikamweleza daktari ninaumwa nini na dawa ipi ingefaa. Aliniacha nimalize, akasikiliza kifua changu kwa muda, kisha akasema, "Kifua kikuu hakijarudi. Huu ni moyo."

Alinieleza taratibu. Ndani ya moyo kuna milango ya kupitishia damu, na mmoja wa kwangu ulikuwa umesinyaa, pengine tangu homa ya viungo ya utotoni. Damu ikikosa njia ya mbele hurudi nyuma na kujaa mapafuni. Dar es Salaam walikuwepo madaktari wa kuupanua mlango huo kwa kupasua. Tatizo lilikuwa mapafu yenyewe. Yalikuwa na makovu na moshi wa kiko, na huenda yasistahimili kupasuliwa.

"Nisipopasuliwa?" nikauliza.

"Utaishi. Lakini si muda mrefu."

Ukoo ukakutana kwa kaka yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuishi chini ya mawingu wala hana nia. Alifungua kikao kwa sala, akakifunga hapohapo kwa hukumu. "Mtu wa milimani hashuki kwenda kufia nyikani kwenye joto. Tutamtunza hapa. Ila yeye ndiye mshenga wetu, ana maneno yaliyopimwa. Sema, mdogo wangu."

Nikasimama. "Mimi naona," nikasema, nikanyamaza. Wazee wakatikisa vichwa kwa uzito. Shangazi akaguna, "Enhe." Wote wakangoja.

Kutoka mlangoni kikasikika kicheko. Alikuwa mke wangu.

"Samahani, shemeji," akamwambia kaka. "Mnangoja nini?"

"Tunangoja amalize."

"Hamalizi. Hana pumzi."

"Anatafakari."

"Anatafuta hewa, shemeji! Hekima hiyo mimi nimeolewa nayo, naijua. Haiwezi kubeba ndoo kutoka bombani mpaka mlangoni. Ikifika kitandani inalala imekaa, kwa kuwa ikijinyoosha inazama."

Kaka akanigeukia. "Na kule Gare? Kwa wale mbuzi?"

"Alikuwa anapumzika," mke wangu akajibu kwa niaba yangu.

"Basi tumewapunja watu wa Mungu!"

Shangazi alicheka mpaka akafunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa bado nimesimama na sentensi yangu isiyo na mkia. Nikaona heri nikae.

Mke wangu hakucheka tena. "Akibaki hapa," alisema, "mimi nitakaa kumtazama akipungua kila siku, mpaka aishe. Nakujua kutazama huko, nimeshakuanza. Akienda, huenda akafa. Huenda pia akarudi. Naomba aende."

Kaka alikaa kimya, na kimya chake kilikuwa cha kweli, si cha namna yangu. "Aende," akasema mwishowe. "Ila achukue sweta." Nikashuka Mombo, nikapanda basi la Dar es Salaam na sweta mbili za sufu, nikiwa na mke wangu aliyebeba kapu la mapeasi kana kwamba tunakwenda harusini.

Daktari wa upasuaji alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. "Shikamoo, mzee," akaniamkia. Nikaitikia marahaba, kisha nikajilaumu. Mtu atakayekushika moyo si vizuri kumwachia yeye ndiye aanze kukuamkia.

Alinionyesha kidole chake cha shahada. "Hiki ndicho kitakachoingia moyoni kuupanua mlango. Tunapitia ubavu wa kushoto. Pafu la kushoto, ambalo ndilo zima, tutalisukuma kando tupate nafasi. Muda huo wote utategemea la kulia."

"Lile lenye makovu."

"Hilohilo. Unavuta sigara?"

"Kiko tu. Kidogo."

"Kidogo kama masika ya Lushoto," akasema mke wangu.

Daktari akatoa kiberiti, akawasha njiti, akaishika shibiri moja mbele ya uso wangu. "Zima. Lakini fungua mdomo wote, usiubane kama anayepiga mluzi."

Nikavuta pumzi, nikapuliza. Moto ukainama kidogo, kwa heshima, ukasimama tena. Daktari alikuwa bado anatazama.

"Anza," akasema.

"Nimeshamaliza."

Aliitikisa njiti, ikazimika kwa mkono wake. Akasema bila kuzunguka kwamba pafu lisiloweza kuzima njiti ya kiberiti hawezi kulikabidhi roho ya mtu. Angenilaza wodini wiki kadhaa wanifanyishe mazoezi. Nikishindwa tena atanirudisha nyumbani na vidonge.  Tulipotoka nje mke wangu alinyoosha mkono, nikampa kiko. Sikukiona tena, na mpaka leo sijui alikipeleka wapi.

Mazoezi yenyewe hayakuwa na heshima. Asubuhi muuguzi alinilaza kichwa chini, miguu juu, akanipiga mgongoni kwa viganja kama anayekung'uta vumbi kwenye jamvi, mpaka makohozi ya miaka yakaanza kutoka. Mchana nilipuliza mpira uliounganisha chupa mbili, nihamishe maji ya rangi kutoka chupa moja kwenda nyingine. Mimi niliyewahi kuwafundisha wakulima kuongoza maji ya mfereji kuvuka bonde zima sasa nilishindana na maji ya chupa, na chupa ilishinda. Jioni mke wangu alifika kutoka Temeke alikofikia kwa binamu yake, amelowa jasho, analilaani joto kwa Kishambaa ili wenyeji wasikwazike. Ananipa uji, kisha ananiambia, "Puliza nione."

Kitanda cha jirani alilala dereva wa lori aliyevunjika nyonga. Huyo alikuwa na kiberiti chake, na enzi hizo kiberiti kilikuwa bidhaa adimu. Akawa ananiwashia njiti za mazoezi.

"Bwana Shamba, kwenu koroboi mnazima kwa nini? Kwa kofia?"

"Anazima mke wangu."

"Basi wangempasua yeye."

Njiti zikaisha kabla pumzi yangu haijafika popote. Dereva akalitikisa boksi tupu, akalitazama. "Sasa sina hata ya kuwashia sigara. Nimeacha tumbaku kwa ajili ya mapafu ya mtu wa Tanga." Kesho yake, hata hivyo, alimwomba mgeni wake alete boksi jingine, na hakulitumia kwa sigara.

Siku ya mtihani ilipofika niliamka na sweta moja mwilini, ya kunipa moyo. Mke wangu alisimama ukutani. Daktari akawasha njiti, akainyoosha, huku ameinamia karatasi zangu kusoma. Nikafungua mdomo, nikavuta hewa. Kabla sijapuliza, upepo ukaingia dirishani, njiti ikazimika.

Daktari alipoinua uso aliona moshi. "Vizuri sana!" akasema. "Sikutegemea."

Hapo nilikuwa na neno nililolifuata kutoka Lushoto. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, nami kunyamaza ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameona. Alinitazama bila kunisaidia wala kunizuia. Nikawaza kwamba daktari naweza kumdanganya, lakini siku ya kupasuliwa atakayelipa si daktari. Litalipa pafu la kulia, nalo halikuwepo kwenye mazungumzo haya.

"Ni upepo, daktari," nikasema. "Mimi nilikuwa bado."

Mke wangu alifumba macho, sijui kwa ahueni au kwa hasira. Daktari alikwenda akafunga dirisha, akawasha njiti nyingine, na safari hii hakutazama karatasi.

Nikapuliza. Moto ukalala. Ukawa wa buluu, ukang'ang'ania kijiti. Nikaendelea na hewa iliyobaki, kisha na hewa ambayo sikuwa nayo. Kila mtu chumbani alikuwa ameinama mbele kama vile anasaidia. Njiti iliungua mpaka vidoleni mwa daktari, naye hakuitupa. Ndipo ikazimika.

Daktari akaweka kidole mdomoni. "Nani ameizima?" akauliza. "Wewe au ngozi yangu?"

"Sijui," nikasema, nikikaa chini kabla sijaanguka.

"Daktari," mke wangu akauliza kwa upole, "hicho ulichounguza si ndicho cha kuingia moyoni?"

Alikitazama kidole chake cha shahada, akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti akakaa mbele yetu wawili. "Imechelewa kuzimika, lakini siku ile ya kwanza haikuinama hata nusu ya hivi. Siahidi kitu. Pafu hilo linaweza kuchoka katikati ya kazi, na likichoka sina lingine la kukupa. Lakini mmesema kweli, kwa hiyo najua ninachokwenda nacho. Mkitaka, nitafanya kidole kikipona."

"Tunataka," akasema mke wangu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natafuta hewa ya kukubali.

Kuhusu upasuaji sina la kusimulia. Walionipasua walikuwepo, mimi sikuwepo. Nilichokumbuka ni taa kubwa na mtu akiniambia nivute pumzi. Nikasikitika kwamba hata kwa kulazwa usingizi wanakupa kazi ya pumzi.

Nilizinduka nikidhani nimelaliwa na lori la dereva. Ubavu wa kushoto ulikuwa unawaka, na mpira ulikuwa umechomekwa kati ya mbavu. Muuguzi akaja, akasema mlango umepanuka, pafu la kulia limefanya kazi yake, na sasa linajaa makohozi. Nisipoyatoa, kazi yote ni bure, na nitakufa pale pale nilipookolewa. "Kohoa," akasema.

Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Ni kweli nilikuwa nimechomoka kaburini, lakini kukohoa na ubavu ule lilikuwa jambo jingine kabisa.

Nikasikia harufu ya sabuni ya mke wangu karibu na sikio.

"Najua uko macho. Kope zinacheza."

"Inauma," nikanong'ona.

"Miaka yote hii umekohoa, mimi nakusihi uache walau nipate usingizi, hukuacha. Leo nakuomba ukohoe, unaniringia?"

Akachukua mto, akaubana ubavuni mwangu kwa mikono yote miwili, kama alivyofundishwa.  Nikakohoa. Niliona nyota za mchana, na makohozi yakatoka.

"Tena," akasema.