Mwali Aliyevishwa Ovaroli

Majuzi nilirudi kijijini kwetu, upande wa Handeni, kuwasomea dua wazee wetu waliotangulia. Dua ilipokwisha, watu wakiwa bado wanakula pilau uani, nilichukua mkongojo wangu nikaenda taratibu mpaka kwenye banda la mashine ya maji. Nilitaka kuisikia. Nikatega sikio, nikangoja, sikusikia kitu. Siku hizi juu ya paa wameweka sola, pampu imezamishwa ndani ya kisima, na maji yanapanda kwenye tangi kimyakimya. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, maana maji sasa ni mengi kuliko enzi zetu. Lakini wewe mwenzangu utanielewa nikikwambia kwamba niliukosa ule mlio.

Mashine ya zamani ilikuwa injini ya dizeli. Ilipigwa hendeli na mwendesha mashine, mzee mfupi ambaye baraghashia yake ilikuwa na mafuta kuliko sufuria ya vitumbua. Ikigoma alibembeleza, ikizidi kugoma alitukana, kisha akaomba msamaha kwa Mungu na kuanza upya. Ikikubali ilikohoa moshi mweusi, halafu ikashika tu-tu-tu-tu, sauti ikavuka mashamba ya mahindi mpaka kwetu. Bibi mzaa baba, aliyenilea, alipousikia mlio huo ndipo alipoinjika uji. Ukikatika ghafla, wanawake wa kijiji kizima waliguna na kuanza kutafuta ndoo bila kuambiana.

Maana yake ilikuwa lambo. Lambo lilikuwa mbali, njia yake ya miiba, na mara nyingi ng'ombe walikuwa wameshatutangulia. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyaacha mtungini yatulie, lakini hata yakitulia, ugali uliopikwa kwayo ulikuwa na ladha ya tope, na hakuna mlenda ulioweza kuificha. Wanaume walikaa wakimngoja fundi kutoka Korogwe, naye alikuja kwa basi siku aliyojisikia. Akifika, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye dirisha la banda, nikichungulia. Nilipenda kuona jinsi spana inavyoshika nati na jinsi mtu anavyofungua kitu kilichokufa, akakifunga tena kikiwa hai.

Siku moja nilimwuliza mwendesha mashine kwa nini inazimika ovyo.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe kazi yako kuyabeba maji. Kuyavuta tuachie sisi."

Hakusema kwa ubaya. Lakini utosi wangu ulikuwa umechubuka kwa ndoo, na tangu siku ile niliazimia kujua yanavyovutwa.

Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa mtu wa Bungu, huko milimani kwenye baridi, na alivaa sweta hata jua la Handeni likiwaka. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna sekondari ya ufundi, mwendo wa garimoshi kutoka Korogwe, inayopokea na wasichana, ingawa ni wachache. Nilifanya mtihani nikiwa na shule hiyo moja tu moyoni. Kisha, kabla majibu hayajatoka, nilivunja ungo.

Sisi Wazigua wa wakati ule, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Niliingizwa chumba cha bibi, nikafunikwa kaniki. Haikuruhusiwa mwanamume yeyote anione, wala jua linipige, mpaka nitolewe kwa ngoma. Usidhani niliteswa. Nilipakwa mafuta ya nyonyo, nilikula vizuri kuliko wote, na bibi alinifunza mambo ambayo yamenishikilia maisha yangu yote. Chumba kilinuka moshi na mahindi yaliyoning'inizwa darini. Niliswali, nikarudia sura nilizohifadhi chuoni, na kupitia ukuta nikausikiliza ule mlio.

Ndipo mwalimu alipokuja.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwalimu," akajibu shangazi, "ila ishia hapo hapo. Ndani kuna mwali."

"Ndiye niliyemfuata. Amechaguliwa ile shule ya ufundi. Ijumaa ijayo awe ameripoti. Asipofika, nafasi wanampa mwingine."

Nilikaa kitako juu ya mkeka. Shangazi akacheka.

"Mwali hatoki bila ngoma, na ngoma haichezwi kabla ya mavuno. Watu tutawalisha nini? Au unataka atoke tu mlangoni, kama kuku?"

"Mama, shule haingoji mavuno."

"Na mizimu ya ukoo huu haingoji shule!"

Bibi akasema kwa upole, "Mwalimu, tumekusikia. Kapumzike." Waliomjua bibi walijua kwamba hilo lilikuwa hapana. Niliuma pindo la kaniki ili nisisikike nikilia. Kisha nikamwomba Mola wangu, kwa maneno ya kitoto, kwamba kama kuna njia ambayo mimi siioni, Yeye anaiona.

Asubuhi iliyofuata mlio ulikatika. Haukurudi siku ile, wala iliyofuata. Mtungi wa nyumbani ukakauka, na mbebaji wa maji wa nyumba ile, ambaye ni mimi, alikuwa ndani amefunikwa. Shangazi alikuwa shambani. Bibi akachukua ndoo akaenda lambo mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Aliporudi nilisikia ndoo ikitua, kisha pumzi zake, nzito, kwa muda mrefu. Akaja kuketi upande wa pili wa mlango.

"Umelala?"

"Hapana, bibi."

"Hiyo shule yenu, wanafundisha mashine ya maji?"

"Wanafundisha mashine za kila namna, bibi."

"Hata hii yetu, inayopenda kulala?"

"Hata hiyo."

"Wavulana watakucheka."

"Wacha wacheke."

"Utachoka."

"Lambo nako nachoka, bibi."

Nilimsikia akiguna, ule mguno wake wa kucheka bila kutaka. Jioni aliwaita baba, shangazi na mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani. Mwalimu wa chuo akasema dini haimzuii msichana kutafuta elimu, bora ajisitiri na amche Mungu. Hayo mengine ni mila, na wenye mila wapo. Wote wakamtazama bibi.

"Mwali hatatoka," akasema bibi.

Shangazi akaitikia, "Umesikia hilo!"

"Hatatoka. Atakwenda shule akiwa ndani. Ndani si udongo wa ukuta huu. Ndani ni kaniki. Nitamfunika, nitatembea naye, na nitamtolea huko huko."

"Mama! Lini mtu amesikia jambo hilo?"

"Leo," akasema bibi, akaomba apewe ugoro wake.

Basi tulisafiri, bibi mbele, mimi nyuma nimejiinamia, nimefunikwa kuanzia kichwani, nikiona visigino vyake tu. Tulipanda basi mpaka Korogwe, na Korogwe tukapanda garimoshi. Kupitia nyuzi za kaniki niliyaona mashamba ya mkonge ya Mnyuzi yakipita, safu kwa safu zilizonyooka. Nikawaza kwamba aliyezipima alitumia hesabu zilezile za mwalimu wa sweta.

Mkagua tiketi alisimama mbele yetu.

"Bibi, na huu mzigo?"

"Si mzigo, ni mjukuu wangu."

"Bi harusi huyo! Nani mwenye bahati?"

"Anaolewa na injini," akasema bibi. Behewa zima likaangua kicheko, nami ndani ya kaniki nikacheka mpaka nikapaliwa.

"Na kweli," mama mmoja akasema, "huyo mume haleti mke wa pili!"

Shuleni bibi alikataa kumkabidhi mwali kwa mwanamume yeyote, hata mkuu wa shule. Alimtaka matroni. Tukaenda naye nyuma ya jiko, mahali pa wapishi, nao wapishi wakasimamisha kanga zao kuwa ukuta. Bibi akaniogesha kwa maji ya bomba, akanipaka mafuta ya nyonyo aliyokuja nayo chupani. Kisha akaomba nguo mpya, kwa sababu mwali hutolewa kwa nguo mpya. Matroni akaduwaa, akasema nguo mpya aliyonayo ni ya karakana. Akaleta ovaroli ya buluu, kubwa, mikono yake ikinipita vidole.

Bibi akakipapasa kitambaa chake. "Nzito," akasema. "Inasitiri." Akanivisha kwa mikono yake, akakunja mikono na miguu ya ovaroli, akaniinua kidevu ili jua linipige usoni. Kisha akapiga kigelegele. Alikuwa peke yake, mbali na kwao, na sauti yake ilitetemeka. Wapishi wakatazamana. Mmoja akaitikia, wakafuata wote, miiko mikononi. Hivyo ndivyo nilivyotolewa.

Aliondoka na kaniki ameikunja. Baada ya mavuno, nilikuja kuambiwa, ngoma ilichezwa kama ilivyopasa. Waliitandika ile kaniki juu ya mkeka, mahali pa mwali, wakaizunguka mpaka vumbi likatimka. Shangazi ndiye aliyecheza kuliko wote.

Mengine ni marefu. Wavulana waliniita fundi vitumbua. Nilisaga kipande cha chuma kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge, mwalimu akakipima, akasema bado hakijanyooka, nikaanza upya. Nilijifunza kwamba subira ya swala na subira ya tupa ni subira moja. Mungu alinijalia nikawa fundi mitambo wa maji, baadaye mhandisi, na ile mashine yetu nimeifungua kwa mikono yangu zaidi ya mara moja, mzee wa baraghashia akinishikia taa na kuniita "mwanangu fundi". Bibi aliwahi kuja mlangoni akanipigia kelele, "Imetosha, iwashe, nina udhu wa kuchukua!"

Bibi hayupo sasa. Chumba chake kimekuwa duka la vocha. Wasichana hawawekwi ndani tena, na kwa mengi nashukuru, ingawa sijui siku hizi ni nani hukaa nao na kuwafunza kwa upole ule. Lambo wamelima mpunga.

Nilipokuwa nimesimama pale majuzi, msichana alitoka bandani, amejifunga hijabu, ameshika spana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi," akasema, bila kujivuna wala kuona ajabu, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akafungua koki, na maji yakaruka kwenye ndoo za akina mama waliokuwa wakingoja.

Sauti yangu imezeeka, lakini nilipiga kigelegele. Wale akina mama waligeuka, wakanitazama, hawakujua kilichonipata. Mmoja akacheka, akaitikia. Kisha wengine wote.