Rundo la Kuku

Harufu ya mahindi yaliyovunda naijua hata nikiwa na mafua. Si kali. Ni kama ngozi ya mbuzi iliyonyeshewa ikasahaulika nyuma ya nyumba, na inakukaa kooni hata ukishaondoka hapo. Mwaka ule nilipokuwa darasa la tano ilihamia kwetu kabisa. Tuliishi upande wa chini wa Embu, kule Mbeere, ambako mvua ni ya kubahatisha. Sasa mwaka huo, jamani, mvua iliyotukwepa msimu mzima ikaja mahindi yakiwa nje yanakauka. Mama alikimbia na turubai huku na huku, lakini wapi. Mahindi yakaingia guniani na unyevu wake, kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kuyaweka.

Baba alikuwa kule mjini Maua, Meru, akichuma miraa ya watu, kwa hivyo nyumbani tulikuwa Mama, mimi, na mdogo wangu Ireri aliyekuwa na miaka minne. Kila nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kuchambua. Nilikaa kwenye gunia kuukuu, uteo mapajani, nikigawa punje katika marundo matatu: la kula, la kuku, la kutupa chooni. La kula lilikuwa la punje safi. La kutupa lilikuwa la zile zilizoota ukungu wa kijani. La kuku lilikuwa la zile za katikati, zenye doa, zilizofifia rangi, ambazo huwezi kuapa ni mbovu wala ni nzuri. Naibu wa chifu alisimama kanisani Jumapili moja akatuonya kwamba mahindi yenye ukungu yanaua, ati hata kuku tusiwape. Mama akanong'ona, "Sasa kuku watakula nini, matangazo?"

Ninachokumbuka zaidi ni vile mpaka wa marundo ulivyosogea. Hakuna aliyetangaza. Gunia lilivyozidi kulegea, punje ambayo mwezi uliopita ilikuwa ya kuku ikawa yetu, na iliyokuwa ya chooni ikawa ya kuku. Mama alikuwa akipita nyuma yangu, anachukua punje moja kutoka rundo la kuku, anaing'ata, anatema, kisha anaitupa kwenye rundo letu. "Hii moto utaiweza," alikuwa akisema. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu: kuosha maji matatu, magadi kidogo, na moto mrefu. Tuliamini kabisa kwamba kitu kikichemka tangu mchana hadi jioni hakina ubaya uliobaki ndani yake. Baadaye kuku wawili wakafa, tukasema ni ugonjwa wa kuku.

Kisha ikaja siku ambayo Mama alienda kupalilia shamba la watu, akaniachia kazi ya kupika chakula cha jioni. Nilichambua vizuri, kwa macho ya shule, nikifuata maneno ya naibu wa chifu. Nilipomaliza, rundo la kula halikufunika hata sehemu ya chini ya sufuria. Ireri alikuwa ameshika sketi yangu analia njaa, kile kilio cha kuchoka kisicho na machozi. Nikatazama rundo la kuku. Nikalitazama tena. Nikalimimina lote sufuriani, nikaosha maji matatu, nikatia magadi na maharagwe, nikachochea moto kwa bidii ya mtu anayeomba. Mama aliporudi alisimama kidogo uani, akaingia, akatupakulia githeri, naye akala nasi. Ilikuwa chungu kidogo. Tukaimaliza.

Siku ya tatu Ireri alianza kutapika, na macho yakawa manjano. Mama alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, nami nikifuata na chupa ya maji. Daktari aliuliza tumekula nini. "Githeri, kama kila mtu," Mama akajibu bila kunitazama. Wiki mbili Ireri alilala huko, na kila asubuhi nilipoamka nilijua kwamba akifa, ni mimi nimemuua. Hakufa. Leo ni fundi wa umeme kule Kinoru, Meru, na kitambi chake anakipapasa kwa majivuno.

Mimi ninaishi mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu, na nimechoka. Maziwa nayanusa, sukuma wiki naiosha hadi inapoteza rangi, nyama naikagua kama askari. Binti yangu ananiuliza, "Mum, si ununue tu unga ya paketi?" Lakini unga umeshasagwa, hauna pa kuchambua. Aliyechambua simjui, wala sijui mpaka wake siku hiyo ulikuwa wapi. Kwa hivyo nanunua mahindi, nayachambua, nayapeleka mwenyewe poshomili kusagwa. Mama, ambaye sasa anaishi nami, hunisaidia. Macho yake yameingia ukungu, anachambua kwa vidole na pua. Akishaenda kuota jua narudia uteo wake punje kwa punje, na simwambii.

Juzi tulikuwa tumekaa hivyo, mahindi katikati yetu, nikajikuta nimesema. "Mama, ile githeri ya Ireri, ni mimi nilipika rundo la kuku."

Vidole vyake havikusimama. "Najua. Nilipofika uani nililikuta halipo, na kuku wananifuata kwa njaa."

"Na ukatupakulia?"

"Wanja, mngelala na nini?"

Akaing'ata punje moja, akaitema, akaigeuzageuza kiganjani muda mrefu. Kisha akaninyooshea mkono. "Hebu niangalizie hii," akasema. "Mimi siku hizi siioni vizuri."

Ilikuwa na doa. Nikaitupa.