Ngoma ya Leszek na Kaburi la Golikipa

Leszek Pazdro, fundi bomba wa mji wa Łódź, alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia: ngoma. Kila mechi ya klabu ya mpira ya Tkacz yeye ndiye mpigaji, na jukwaa zima likiimba atakavyo. Wimbo walioupenda kuliko zote ulikuwa wa kuwatukana watani wao wa upande wa pili wa mji: "Wayahudi! Wayahudi!" Watani nao wakijibu hivyo hivyo. Wayahudi wenyewe wa mji ule waliuawa na Wajerumani wakati wa vita, lakini haya majitu mazima na vitambi vyao bado yanaitana hivyo kila Jumamosi. Hebu niambie, hiyo ni akili?

Mwishowe uongozi wa klabu ukachoka. Asiyehudhuria somo la kupinga ubaguzi, haingii na ngoma kwenye mechi ya watani. Leszek akaenda kanuna, akakaa nyuma kabisa, anatafuna mbegu za alizeti.

"Bwana Leszek," akauliza mwalimu, Mama Dorota Szulc, "golikipa wenu wa kwanza kabisa alikuwa nani?"

"Edmund Roth! Nani asiyemjua?" Akapandisha mkono wa jezi, sura ya Roth hiyo hapo, imechorwa begani. "Kila siku ya Watakatifu Wote tunampelekea mishumaa kaburini."

"Kaburi lipi?"

"Si lile la kwa Wakatoliki, karibu na lango? Mama vipi, wewe mgeni hapa?"

"Yule ni Roth mshona viatu, baba. Wamefanana majina tu. Roth wenu alikuwa Myahudi. Wajerumani walimfungia nyuma ya seng'enge na wenzake, kisha wakampakia treni kwenda kumuua. Kaburi hana."

Akampa picha ya harusi. Sura ile ile ya begani, imesimama kando ya rabi. Leszek akazitema mbegu kiganjani. Miaka yote hiyo wamempigia magoti mshona viatu ambaye labda hata kona haijui! Akatoka bila kuaga mtu, haya imemjaa.

Ikafika mechi. Watani walipoingia uwanjani, jukwaa lote likamgeukia Leszek. Mikono yake haikwenda.

"Anzisha basi, kaka!" Wacek, rafiki yake, akamsukuma. "Unangoja nini? Au na wewe umekuwa Myahudi? Lete ngoma hapa!"

Wacek akanyoosha mkono kuichukua. Leszek angemwachia tu, basi! Lakini akaikumbatia kama mtoto anyang'anywaye sahani, akaipiga, akaipiga kwa nguvu kuliko siku zote. "Wayahudi! Wayahudi!" wakapokea wenzake. Mwoga mkubwa, yule.

Siku ya Watakatifu Wote wakaenda makaburini na mishumaa yenye rangi za klabu. Wenzake wakaweka yao kwa mshona viatu, wakapiga ishara ya msalaba. Leszek akabaki kashika wake, nta inamchoma vidole.

"Weka basi twende," Wacek akasema. "Baridi hii, bwana."

Leszek akatazama huku na huku, kisha akauweka palepale kwa mshona viatu. Hakuwa na pengine pa kuuweka.