Mashabiki wa Wayne bado wanakuja, yeye hawakumbuki

Saa nne asubuhi, Jumapili, Domina Kokushubila anamfunga Wayne vifungo vya shati. Anaanzia chini, maana akianzia juu Wayne hufungua. Mkono wa kulia wa Wayne umelala pajani, hauna nguvu.

"Leo kuna wageni," Domina anamwambia.

"Wageni wa nani?"

"Wako."

Wayne anautazama mlango kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

Domina, 51, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wagonjwa huko Bladensburg, nje kidogo ya Washington. Huogesha, hulisha, huwageuza wasioweza kujigeuza. Siku zake za mapumziko humwangalia kikongwe mmoja Fairfax, kwa kuwa mshahara wa sehemu moja unaishia kwenye kodi ya nyumba.

Wayne, 34, alikuwa mrusha mpira wa timu ndogo ya besiboli. Katika mchezo huo mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpinzani mwenye gongo. Miaka minane iliyopita, mpinzani aliupiga mpira ukarudi moja kwa moja, ukampata Wayne juu ya sikio. Alipozinduka hospitalini, miaka yake yote ya uwanjani ilikuwa imefutika. Mambo mapya nayo hayakai.

Waliobaki kuikumbuka miaka hiyo ni mashabiki wake.

"Mimi huu mchezo nilikuwa siujui hata kidogo," anasema Mugo, dereva wa teksi wa Herndon aliyetoka Nyeri. "Kastoma alinipatia tiketi, nikaenda na wasichana wangu. Wayne akarusha, yule jamaa wa gongo akapiga hewa mpaka akapiga magoti. Nikasema, huyu ndiye wangu. Sikumiss mechi ya Jumamosi tena."

Irene, dereva wa basi mstaafu, anakumbuka jambo jingine. "Mechi ikiisha alikuwa ananibebea kiti changu hadi kwenye gari," anasema. "Ashinde, ashindwe. Siku waliyochapwa vibaya kuliko zote alikibeba vilevile, akaniaga akaondoka."

Mwanzoni walikuwa wakija zaidi ya ishirini, wakimzunguka na kumsimulia mechi zake. Wengi hawakustahimili. Leo wamekuja hao wawili tu.

"Siwalaumu," anasema Domina. "Mimi nalipwa kuwa hapa."

Kuna wakati alitaka wageni hao wakatazwe kabisa. "Wao wanaondoka, mimi ndiye nabaki naye. Ananiuliza, wale watu nimewakosea nini mbona wanalia? Utamjibu nini?" Kisha akagundua kwamba Jumapili jioni Wayne hula bila kubembelezwa. Akaacha waje.

Mwezi uliopita Mugo alikuja na video ya mechi ya mwisho kwenye simu. Dada yake Wayne alikuwa ameruhusu aonyeshwe sehemu za mwanzo tu, zile anazowashinda wapinzani. Wayne aliinama juu ya simu, akatabasamu. Mugo naye akanogewa, akachelewa kuizima. Mpira ukarudi. Kijana aliyekuwa akirusha akaanguka kifudifudi.

Wayne akainua uso. "Yule kijana alipona?"

Irene akageukia dirishani. Mugo akatoka nje, simu bado mkononi. Domina alikuwa akibadilisha shuka. Akaziacha, akakaa kitandani.

"Nilitaka kusema ndiyo," anasema. "Kazini tunafundishwa usimtie mgonjwa hofu. Lakini alikuwa ananitazama machoni. Nikamwambia, bado anauguzwa."

"Nani anamuuguza?" Wayne aliuliza.

"Mimi."

"Usimwache," Wayne akasema.

Kufikia chakula cha mchana alikuwa ameshasahau. Domina aliingia bafuni, akafungua bomba ili wenzake wasimsikie.

Kilichomliza anakijua mwenyewe. Desemba anarudi Muleba moja kwa moja. Mama yake hawezi tena kuinuka bila kushikwa, na dada aliyekuwa akimshika amefariki mwaka huu.

"Watu wa huku wamenizoea kama fanicha," anasema. "Mama yangu nimemwacha miaka kumi na mitano, nainua mama za watu. Nitaenda. Lakini lile neno la Wayne linanichoma."

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya salamu, Domina anamwita Mugo kando ya kitanda. Tangu siku ile ya video Mugo anajifunza kumhamisha Wayne kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Uongozi umekubali, mradi mhudumu awepo.

"Piga goti moja, kaka Mugo. Usimvute mkono, mkumbatie."

"Nikimwangusha je, dada?"

"Ndiyo maana nipo. Haya, mwambie kwanza unataka kufanya nini."

Mugo anamwambia. Wayne anaitikia kwa kichwa. Mugo anainua, mishipa ya shingo imemtoka, na Wayne anatua kitini akiwa amekaa upande. Domina anamnyoosha kiuno, anamfunga mkanda.

Mpango wao ni kwamba Mei, ligi itakapoanza, Mugo na Irene wamchukue pamoja na mhudumu mwingine, wampeleke uwanjani akatazame mechi moja. Domina atakuwa ameshaondoka.

"Asipokumbuka kitu, basi," anasema. "Akae nje kidogo apate jua. Humu ndani amekaa mno."